Hadithi Iliyoishia Chemchemini

Mambo ambayo mashahidi wote waliyakubali ni haya. Kilikuwa kikao cha kamati ya shule, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika kijiji cha wafinyanzi kiitwacho Lusungwi. Kikao kilifanyika ndani ya chumba cha darasa la awali, watoto wakiwapo, wameketi juu ya mikeka. Shauri lilikuwa moja tu: kama Mwalimu Sekela aendelee kulifundisha darasa hilo, au aondolewe na kupewa kazi ya kutunza stoo ya vitabu.

Walikubaliana pia kwamba kwa wiki kumi na moja mwalimu huyo alikuwa amefundisha hadithi moja tu. Hilo hakulikana hata yeye mwenyewe.

Mengine yalibishaniwa, na kila palipo na ubishi nitasema kwamba pana ubishi.

Kwanza ni lazima hali ya mahali hapo ieleweke. Watoto wa Lusungwi huzaliwa katika lugha ya nyumbani, na Kiswahili hukutana nacho mlangoni pa shule. Mtoto anayeingia darasa la kwanza bila Kiswahili cha kumtosha huyasikiliza masomo kama mtu asikilizaye mvua juu ya bati: anaisikia vizuri, lakini haimwambii kitu. Kwa hiyo darasa la awali la shule ile halikuwa mahali pa kumsubirisha mtoto akue. Lilikuwa mahali pa kumpa maneno.

Darasa hilo lilikuwa na mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ulifundishwa na Mwalimu Ambakisye, kijana mwenye bidii ambayo hakuna shahidi aliyeitilia shaka. Alikuwa ameandika maneno mia mbili kwa wino mwekundu kwenye karatasi za manila na kuyabandika ukutani kwa mpangilio. Kila asubuhi watoto wake waliyasoma kwa sauti moja, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na wapita njia walisimama kuwasikiliza.

Mkondo wa pili ulikuwa wa Mwalimu Sekela. Kuta zake zilikuwa tupu. Alichokuwa nacho ni ndoo ya udongo wa kufinyangia, beseni la maji, na hadithi.

Vyumba hivyo viwili vilitenganishwa na ukuta wa mabanzi, na kikao kilifanyika katika chumba cha Mwalimu Sekela. Naomba msomaji aukumbuke ukuta huo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hii. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na wanyama wote walitaka mitungi ya kuhifadhia maji. Wakamwendea Nungunungu, aliyekuwa mfinyanzi, na aliyevichora vyombo vyake nakshi kwa miiba ya mgongo wake mwenyewe. Nungunungu akachimba udongo, akauloweka, akaukanda, akaufinyanga, akauparuza hadi ukawa laini. Fisi alikuwa na haraka.

"Mtungi wangu tayari?" Fisi akauliza.

"Una umbo la mtungi," Nungunungu akajibu, "lakini bado haujawa mtungi."

Fisi aliona umbo linatosha. Nungunungu alipokwenda kukusanya kuni, Fisi akaunyakua ule mtungi mbichi, akakimbia nao hadi chemchemini, akauinamisha, akateka maji.

Nimeieleza kama ilivyosimuliwa darasani. Sikuongeza wala sikupunguza.

Namna ya kuifundisha ilikuwa ya pekee, na ndiyo iliyoleta malalamiko. Mwalimu aliingia akauliza, "Udongo uko wapi?" Watoto wakajibu, "Mikononi!" Kisha kila tendo la Nungunungu lilitendwa. Neno "kanda" halikuandikwa popote, watoto walikanda. Neno "paruza" lilifika pamoja na kipande cha kibuyu cha kuparuzia. Saa ya kwenda nyumbani ilipofika, kila mtoto alipewa neno moja akalilaze. Maana ya kulilaza ni kwamba alipaswa kulitumia neno hilo kwa mtu mzima wa nyumbani kwake, na kesho yake aeleze alijibiwa nini.

Taarifa za asubuhi ziliwafurahisha watoto kuliko uji.

"Mimi nimelilaza kwa mama."

"Mama kasema nini?"

"Kasema, 'Kanda huo unga, uache maneno.'"

Mlalamikaji katika shauri hili alikuwa Mzee Anyosisye, fundi baiskeli, aliyeishi miaka mingi mjini kabla ya kurudi kijijini. Alikuwa akimlea mjukuu wake Bupe, mtoto wa miaka mitano ambaye wazazi wake walifanya kazi wilaya nyingine. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Atupelye, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Mama huyo aliandika kila kitu kwa mkono wake, na hakumruhusu mtu aseme mambo mawili kwa wakati mmoja.

Mzee Anyosisye alisimama, akavua kofia.

"Mwenyekiti, mjukuu wangu yumo humu wiki ya kumi na moja leo. Hajafungua mdomo. Muulizeni mwalimu mwenyewe kama nasema uongo."

"Ni kweli," Mwalimu Sekela alisema. "Ndani ya chumba hiki Bupe hajasema neno."

"Mmesikia? Amekiri!"

"Mzee," Mama Atupelye alisema bila kuinua macho, "kukiri ni kazi yake, kuandika ni kazi yangu. Wewe shika yako."

Watu walicheka. Mzee alisubiri vicheko viishe, kisha akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, na mashahidi wote wanasema hapo hakuwa na mzaha.

"Mimi sina ugomvi na mwalimu. Ninachoogopa ni Januari. Januari mtoto anaingia darasa la kwanza, na mimi najua kukaa darasani bila lugha kukoje. Nilikaa hivyo miaka minne, nikatoka, nikashika spana. Udongo uwahi ungali maji, Mwalimu."

"Uwahi uufinyange, Mzee," Mwalimu Sekela akajibu. "Haikusemwa uwahi uutekee maji."

"Methali sikushindi, wewe ndiye mwalimu. Nijibu: mtoto huyu ana Kiswahili au hana?"

Mwalimu Sekela alisema, "Sijui."

Jibu hilo lilimdhuru, na inaelekea alijua kwamba litamdhuru. Mwenyekiti alilinukuu neno kwa neno.

"Nyumbani je?" Mwenyekiti akamgeukia mzee. "Hasemi?"

"Nyumbani anasema lugha yetu. Kiswahili chake ni hadithi hiyo hiyo, anaikariri kama kasuku. Kukariri si kujua. Kasuku wa Mwarabu mmoja kule mjini alikuwa akisema 'karibu chai', na hajawahi kumpa mtu chai."

Kamati iliamua kupima. Mwenyekiti alitandika kanga mezani, akaweka chini yake vitu kumi vya nyumbani. Watoto kumi wa kila mkondo waliteuliwa kwa kura, na kila mmoja alionyeshwa kitu kimoja akitaje.

Matokeo yalikuwa wazi, na mtu mwadilifu hana budi kuyatamka kama yalivyo. Watoto tisa wa Mwalimu Ambakisye walijibu sawasawa. Wa kumi alitaja neno linalofuata kwenye karatasi. Kwa Mwalimu Sekela walipata saba. Kati ya watatu walioshindwa, mmoja alilia. Wa pili alionyeshwa mwiko, akasema, "Fimbo ya mama."

"Si jibu," Mama Atupelye alisema vicheko vilipotulia, "lakini ni ushahidi." Akaandika sifuri.

Wa tatu alikuwa Bupe. Kitu kilichomwangukia kilikuwa mtungi. Aliutazama kwa muda mrefu, akaugusa shingo kwa kidole, akarudi mkekani bila kusema lolote.

"Mtungi!" Mzee Anyosisye alisema kwa uchungu. "Wiki kumi na moja za mtungi, na mtoto hawezi kusema mtungi!"

Shauri lingeweza kuishia hapo. Mashahidi wawili wanasema Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika uamuzi. Wa tatu anasema alikuwa akibadilisha kalamu tu. Wote wanakubaliana kwamba, kwa mazoea ya mahakama, alimpa mlalamikaji nafasi ya neno la mwisho.

"Umesema hadithi hiyo haina faida," alimwambia. "Wewe mwenyewe unaijua?"

"Kwa nini nisiijue? Nimelishwa asubuhi na jioni! Nikikaza spoki, Nungunungu. Nikiziba pancha, Fisi."

"Isimulie, iingie kwenye kumbukumbu. Kwa ufupi."

Mzee alisimulia kwa dharau, huku akitikisa kofia. Nungunungu akachimba, akaloweka, akakanda, akafinyanga, akaparuza. Fisi akaiba. Fisi akafika chemchemini, akainamisha, akateka maji.

"Sasa mtungi ukamlegea mikononi," aliendelea, "ukarudi kuwa tope. Fisi akabaki na tope mpaka viwikoni. Akakaa pale, akaona haya, akaogopa kurudi. Mwisho akarudi, amelibeba lile tope lote, hakuacha hata punje. Nungunungu hakumpiga. Akamwambia, 'Udongo haukupotea. Ulete.'"

Hapo Mwalimu Ambakisye alisimama. Alikuwa ameketi upande wa mlalamikaji, na kama Mwalimu Sekela angeondolewa, mikondo yote miwili ingekuwa chini yake.

"Samahani, Mwenyekiti. Mzee, huo mwisho umeutoa wapi?"

"Mwisho gani? Si hadithi yao hiyo?"

"Hadithi yao haina mwisho."

Alinyoosha kidole.

"Ukuta ule ni wa mabanzi," Mwalimu Ambakisye alisema. "Nimeisikia hadithi hiyo kila siku kwa wiki kumi na moja, nitake nisitake. Inafika chemchemini, Fisi anateka maji, basi. Watoto wanauliza, 'Halafu?' Mwalimu anasema, 'Nendeni mkalale nayo.' Siku nyingine nimeshindwa kufundisha kwa kutaka kujua yule fisi alipatwa na nini! Tope sijalisikia. 'Udongo haukupotea' sijalisikia. Ndiyo nauliza, limetoka wapi?"

"Kwa huyu huyu kasuku wangu," mzee alisema.

"Mzee, kasuku hasemi asichokisikia."

Mama Atupelye aliiweka kalamu chini.

"Mwalimu Sekela, ni kweli? Mwisho hukuwahi kuufundisha?"

"Ni kweli."

"Mbona hukusema?"

"Mimi ndiye ninayelalamikiwa, Mwenyekiti. Ningesema mimi, mngeniamini?"

Mwenyekiti alimgeukia mlalamikaji na kuuliza swali ambalo mtu yeyote aliyezoea kupima ushahidi angeliuliza. "Mzee Anyosisye, mwisho huo hukuutunga wewe?"

"Mimi? Mimi nitunge? Mama, mimi ni mtu wa minyororo na mafuta ya grisi."

"Basi umalizie. Tuusikie wote."

Mzee aliendelea, lakini sasa hakutikisa kofia. Alisimulia polepole, kama mtu anayepita mahali alipopita mara nyingi bila kupatazama.

"Nungunungu akaukanda tena ule udongo. Akaufinyanga tena. Safari hii akamwambia Fisi, 'Kaa hapa uulinde, na usiuguse.' Akauanika juani..."

"Kivulini, babu."

Sauti ilitoka mkekani. Haikuwa kubwa. Wote waligeuka, na Bupe, ambaye hakuwa amemtazama mtu yeyote ila babu yake, akaendelea.

"Kivulini. Juani utapasuka. Nilikwambia."

Mashahidi wote wanakubaliana kwamba aliyesema kwanza ni yule mtoto wa fimbo ya mama, aliyesema kwa mshangao, "Kumbe Bupe ana sauti!"

"Uliniambia," mzee alisema. Alikaa chini. "Ni kweli, uliniambia. Jana, nikipaka grisi."

Sasa tupime, maana hadithi tamu ni shahidi hatari.

Kwamba mtungi huanikwa kivulini si ushahidi wa kitu. Kila mtoto wa Lusungwi anajua hivyo kwa kuona. Aliyekosea ni fundi baiskeli, na kosa hilo ni la kawaida kwa mtu ambaye maisha yake hayakupita kwenye vyungu. Kwamba mtoto aliusahihisha usimulizi wa babu yake nalo peke yake halitoshi. Watoto huwasahihisha wakubwa wao kila siku, na hupigwa kwa ajili hiyo. Linalohitaji maelezo ni mambo mawili. La kwanza, alilisema kwa Kiswahili, mahali ambapo kwa wiki kumi na moja hakuwa amesema neno. La pili, neno lenyewe "nilikwambia" linaonyesha kwamba mwisho wa hadithi ulitoka kwake na kwenda kwa mzee, wala si kinyume chake, na mzee mwenyewe alilithibitisha papo hapo bila kupata faida yoyote kwa kulithibitisha.

Uzito zaidi unastahili kupewa ushuhuda wa Mwalimu Ambakisye. Mtu anaposema jambo linalomnyima kile anachokaribia kukipata, akili ya kawaida inatuelekeza tumsikilize.

Mwenyekiti aliuliza swali moja la mwisho. "Mwalimu Sekela, ulijua kwamba mtoto huyu anasema nyumbani?"

"Hapana. Wenzake waliniletea miisho yao, kila mmoja na wake. Mmoja alimtumbukiza Fisi chemchemini, mwingine alimwozesha. Bupe hakuleta kitu. Kila siku nilimpa neno, naye aliondoka nalo. Nilichojua ni kwamba linaondoka naye. Linalala wapi, sikujua."

"Na ukaendelea kumpa?"

"Ningefanyaje, Mwenyekiti? Nimnyime?"

Uamuzi uliandikwa siku hiyo hiyo, nao ulikuwa mfupi. Mwalimu Sekela alibakizwa darasani hadi mwisho wa mwaka. Aliagizwa abandike ukutani maneno ya hadithi yake, ili mzazi anayeingia ayaone. Mwalimu Ambakisye alikabidhiwa kazi ya kuyaandika, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri zaidi, naye aliomba ruhusa ya kuziangusha mbao tatu za ukuta ule ili watoto wake wasikie vizuri. Alama za jaribio hazikubadilishwa. Mbele ya jina la Bupe imebaki sifuri, na pembeni yake, kwa wino wa rangi nyingine, pameandikwa: "Alijibu baadaye."

Hata hivyo ubishi haukuisha, na si haki yangu kuuzima.

Mwalimu Sekela anaamini kwamba kilichofanya kazi ni hadithi iliyoachwa wazi, kwa sababu mtoto aliyepewa kitu kizima hukipokea, bali aliyepewa kitu chenye upungufu hulazimika kutafuta maneno ya kukikamilisha. Mwalimu Ambakisye anasema mtoto huyo angesema tu siku moja, hadithi iwepo isiwepo, na kwamba watoto wake tisa kati ya kumi hawapaswi kusahauliwa. Mzee Anyosisye naye ana dai lake. Anasema, na husema akiwa ameinamia gurudumu, kwamba maneno yote ya shule ile yangekufa njiani kama pasingekuwa na mtu nyumbani wa kuyasikiliza, hata kwa sikio moja, hata akinung'unika.

Bupe hakuulizwa. Aliingia darasa la kwanza mwezi Januari.

Ukimpelekea mwenzako habari hii, mpelekee kama ilivyo, pamoja na ile sifuri. Umewasikia mlalamikaji, mlalamikiwa, na shahidi aliyesema kinyume cha maslahi yake. Mtoto alipewa neno na mmoja, akalilaza kwa mwingine, akaliamsha mwenyewe. Basi wewe uliyesikiliza, hukumu: ni nani aliyemfundisha Bupe?

Funzo: Neno la mtoto ni mtungi mbichi, mpe udongo, mpe kivuli, mpe wa kumsikiliza, wala usiseme hana kitu kwa sababu tu hujaona maji.